Utepe Kwenye Ukumbi wa Wakunga

Nchi yenyewe siitaji jina, na msinifikirie vibaya, si kwa woga. Jina limekwisha kuchaguliwa, limechongwa kwenye jiwe zuri na kufunikwa kitambaa, ila mgeni rasmi wa kulizindua hajapata nafasi. Mpaka apate, wananchi wanaiita "hapa kwetu", na inawatosha.

Maana hapa kwetu, ndugu msomaji, kuna sheria moja nzuri sana: kitu chochote kipya hakitumiki mpaka kizinduliwe. Kinafungwa utepe mwekundu, mgeni rasmi anakuja, anakata, watu wanapiga makofi na picha ya pamoja, ndipo kitu kinaruhusiwa kufanya kazi. Daraja la mto mkubwa lina utepe, kwa hiyo watu wanavuka mto chini yake, nguo wamebeba kichwani, huku wakilisifu kwa jinsi lilivyojengwa imara. Kisima cha sokoni kina utepe. Choo cha stendi kina utepe, na hapo ndipo uvumilivu wa wananchi unapopimwa kweli. Vitu ni vingi na wageni rasmi ni wachache, lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu ofisi ya malalamiko nayo bado haijazinduliwa.

Sasa, katika nchi hiyo kuna chuo cha ukunga, na katika chuo hicho alikuwapo mkufunzi aitwaye Sikudhani Mwaluko. Mama mtu mzima, mnene kidogo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alikuwa amefundisha miaka mingi katika ukumbi wa mabati usio na dari, wenye wanafunzi wengi kuliko madawati, na miaka yote hiyo kifaa chake cha kufundishia kilikuwa koo lake. Jua likiwaka mabati yanalia, mvua ikinyesha mabati yanapiga kelele, na Sikudhani yuko mbele, mishipa ya shingo imemtoka, anapaza sauti juu ya habari za kondo la nyuma. Koo nalo si chuma. Lilianza kukwaruza, kisha likawa linakatika katikati ya sentensi, mwisho sauti ikaondoka, ikabaki ya kunong'ona tu. Daktari alimchungulia akamwambia ana vinundu kooni. Ama apumzike kusema, ama atafute kipaza sauti.

Angeweza kupumzika. Kustaafu kulikuwa kunanukia, na shamba lake la mihogo lilikuwa linamsubiri. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Mwaka uliotangulia alikuja kumsalimu mhitimu wake mmoja, Pendael, binti aliyepangiwa zahanati ya mbali huko milimani. Pendael alikaa kwenye kiti cha wageni, akanywa chai nusu kikombe, akaanza kulia. Alisimulia kwamba mama mmoja alijifungua vizuri mikononi mwake, mtoto mzima, analia, halafu mama akaanza kutoka damu, na ile damu haikukoma mpaka mama akafa.

"Mwalimu, siku uliyofundisha habari ya damu, mvua ilikuwa inanyesha," alisema. "Nilikaa nyuma. Nilikuona mdomo tu."

Sikudhani alimshika mkono, wakakaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo kila alipoingia ukumbini macho yake yalikwenda kwanza safu ya nyuma, na akajiapiza kwamba somo la damu halitafundishwa tena bila safu ile kusikia. Mengine wanaweza kuyasoma vitabuni. Hilo, hapana.

Basi akaomba kipaza sauti. Kimoja tu, hata kile cha mkononi wanachotumia wauza dawa za panya. Wizara ya Uboreshaji wa Ufundishaji iliguswa sana na ombi lake. Iliona haya kumpa mkufunzi kipaza sauti kitupu katika zama hizi za sayansi na teknolojia, ikamletea Programu. Lori lilikuja na ubao wa kielektroniki wa upana wa mlango wa gereji, projekta, kompyuta, spika ndefu kuliko Mkuu wa Chuo, na kipaza sauti chenyewe, vyote vimeviringishwa nailoni, na juu ya nailoni utepe mwekundu wenye fundo la mfano wa ua.

Aliyelifunga ua hilo alikuwa afisa wa wizara, Bwana Fikirini Magubike, mtu mpole mwenye suti ya kahawia na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Mkoba wake ulikuwa na bunda la utepe na haukuwa na zaidi. Alivipanga vile vitu mbele ya ukumbi, pale pale Sikudhani aliposimama kufundishia, kwa hiyo ikabidi mwalimu ahamie pembeni, karibu na mlango. Mkuu wa Chuo, Bwana Lugome, ambaye hajawahi kuona kitu kikiingia getini asikitolee hotuba, aliwakusanya watu akatangaza kwamba sasa chuo kimeingia rasmi katika dunia ya kisasa, na kwamba atakayegusa nailoni atafukuzwa.

Sikudhani alimwendea Fikirini akamnong'oneza, kama haiwezekani kile kipaza sauti peke yake kikafunguliwa, vingine vikabaki. Fikirini alimtazama kwa huruma ya kweli. Alimwambia avute subira, mgeni rasmi amethibitisha kuja mwezi ujao.

Mwezi ujao ukaja, mgeni rasmi hakuja. Alikuwa amekwenda kuzindua msimu wa mvua, ambao ulikuwa umeanza bila idhini na kuleta aibu kubwa serikalini. Mwezi uliofuata alikuwa ng'ambo, kwenye ziara ya kujifunza mbinu bora za kukata utepe. Kule ukumbini utepe ukaanza kupauka, panya wakahamia ndani ya nailoni, maana panya hawasomi sheria.

Lakini msiseme wizara ilikaa bure. Ilisema wakufunzi wajengewe uwezo wakati wakisubiri, ili siku ya uzinduzi isiwakute washamba. Fikirini akarudi kuendesha semina ya kufundisha kwa teknolojia. Tatizo likawa dogo tu: vifaa vya kufundishia semina vilikuwa ndani ya nailoni. Fikirini hakushindwa. Alichukua chaki, akaenda kwenye ubao mweusi, akachora ubao wa kielektroniki. Akachora na vitufe vyake, na kompyuta, na waya unaokwenda kwenye soketi, na soketi yenyewe akaipaka chaki ya rangi. Kisha wakufunzi wakaitwa mmoja mmoja kuja kubonyeza.

Waliitwa watu wazima na digrii zao. Mwalimu wa lishe alibonyeza kitufe cha kuwasha, Fikirini akasema vizuri sana, sasa umewaka. Mwalimu wa maadili alitelezesha kidole kufungua ukurasa wa pili, akafuta nusu ya kompyuta, semina ikasimama mpaka ilipochorwa upya. Zamu ya Sikudhani ilipofika aliombwa aongeze sauti. Alikiweka kidole juu ya kile kitufe cha chaki, akakibonyeza, akakibonyeza tena.

"Umeongeza vizuri, dada," Fikirini alimwambia. "Ila umezidisha, utawaumiza wanafunzi masikio."

Wenzake walicheka. Sikudhani alitazama kidole chake cheupe kwa chaki, akakifuta kwenye khanga, akarudi kukaa. Alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza hata kukasirika. Mwisho wa semina wote walipewa vyeti, vimefungwa utepe.

Basi ndipo akafanya la kwake. Alikuwa na mwanafunzi wa safu ya mbele, Tausi, binti mwenye sauti ya kuuzia samaki, maana ndiyo kazi aliyokuwa akimsaidia mama yake kabla ya chuo. Siku moja Sikudhani alimnong'oneza sentensi, akamwambia ageuke awapokeze wa nyuma yake, nao wageuke wawapokeze walio nyuma yao, hivyo hivyo mpaka ukutani. Sharti lilikuwa moja. Sentensi ikifika ukutani haiishii huko. Safu ya nyuma lazima iirudishe mbele, kwa maneno yao wenyewe na kwa mikono, kila mtu akionyesha juu ya khanga iliyokunjwa mfano wa tumbo. Ikirudi imeharibika, inaanza upya safari.

Siku za mwanzo ilikuwa fujo tupu. Mambo yaliondoka mbele yakiwa ya mama mjamzito na kurudi hayajulikani ni ya nani. Lakini wakazoea. Mtu akijua atalazimika kulisema jambo kwa mwenzake, analisikiliza vingine kabisa. Waliokuwa wakisinzia nyuma wakawa hawana nafasi ya kusinzia, kwa sababu safu nzima ilikuwa inawasubiri wao. Mvua iliponyesha hawakujali, maana mtu hahitaji kupiga kelele kumwambia jirani yake. Mtihani wa majaribio ulipokuja, safu ya nyuma ilifanya vizuri sawasawa na ya mbele, na Bwana Lugome akaagiza uchunguzi wa wizi wa mitihani.

Uchunguzi alikuja kuufanya Fikirini. Alikaa mlangoni na mkoba wake magotini, akatazama somo zima. Aliona sentensi zikienda na kurudi, mikono ikikanda khanga, mwalimu asiye na sauti akiongoza ukumbi mzima kwa nyusi. Kipindi kilipokwisha hakuinuka. Alimwambia Sikudhani kwamba katika utumishi wake wote hajaona watu wakijifunza namna ile. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba binti yake yuko wilayani na mimba yake ya kwanza, na angependa apate mkunga aliyetoka katika ukumbi huu. Sikudhani alimpenda siku ile. Alidhani mambo yake yamekaa sawa.

Lakini Fikirini alikuwa mtumishi mwaminifu, na mtumishi mwaminifu akiona kitu kizuri anaripoti. Wizara ikafurahi kupita kiasi. Ikaupa ule unong'onezanaji jina, Mfumo Shirikishi wa Kiteknolojia wa Upokezanaji Maarifa Usiotumia Umeme, ikautangaza kuwa fahari ya taifa, na kwa kuwa ni mfumo mpya, ikaamuru ufungwe utepe mpaka uzinduliwe. Fikirini akarudi shingo upande. Alifunga utepe kati ya safu ya kwanza na ya pili, ukuta hadi ukuta, na ua zuri katikati. Mwanafunzi yeyote asigeuke kumwambia mwenzake jambo la masomo mpaka mgeni rasmi aje.

Sikudhani alimuuliza mgeni rasmi anakuja lini. Fikirini alisema mwakani, mvua zikiruhusu. Sikudhani akamkumbusha kwamba wanafunzi hawa wanaondoka kwenda vituoni wiki ijayo, na somo lililobaki ni moja, la damu. Fikirini aliinamisha kichwa, akaendelea kunyoosha majani ya ua lake.

Siku ya somo la mwisho mvua ilinyesha. Bwana Lugome alikuja mwenyewe kusimamia sheria, akakaa kiti cha mbele karibu na Fikirini. Vitu vya Programu vimesimama vimevaa nailoni, na Sikudhani yuko pembeni yake na trei ya vifaa vya kuzalishia. Akafungua kinywa akanong'ona kwamba baada ya kondo kutoka mkunga haondoki, anaweka mkono tumboni mwa mama. Safu ya kwanza ikasikia. Tausi akageuza shingo kwa mazoea, Bwana Lugome akakohoa, Tausi akairudisha shingo.

Sikudhani alitazama nyuma. Kule ukutani walikaa wamekaza macho, kila mtu na khanga yake imekunjwa mapajani, wanamwangalia mdomo. Alimkumbuka Pendael na chai yake nusu kikombe. Roho ilimuuma, akahisi na uchovu wa miaka yote umempanda mpaka kwenye meno. Akaichukua trei, akatoa mkasi wa kukatia kitovu, akatembea mpaka katikati ya ukumbi, akakata utepe.

Mabati peke yake ndiyo yaliyoendelea kusema. Bwana Lugome alisimama, akakaa, akasimama tena. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea hapa kwetu. Fikirini alijulikana kuwa anaijua Sheria ya Uzinduzi kwa moyo, basi Mkuu akamgeukia atoe adhabu. Fikirini alifumba macho, akaipitia sheria yote kichwani, kifungu kwa kifungu. Adhabu hakuiona. Walioitunga hawakuwahi kuwaza kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kushika mkasi. Alichokiona ni kifungu kimoja tu, naye akakisema huku jasho linamtoka.

"Mgeni rasmi ni yule aliyekata utepe."

Basi ikawa haina budi. Bwana Lugome, maskini, alivuta kiti chake chenye mto akampelekea Sikudhani. Ukumbi mzima ukasimama, ukakaa. Sikudhani hakukaa. Alikwenda kwenye ule utepe uliopauka akaukata nao, akachana nailoni, akatoa kipaza sauti alichokiomba. Panya walikuwa wamekula waya wote. Alikishika kidogo, akakilaza juu ya meza taratibu, akarudi katikati.

Na hotuba ya mgeni rasmi hapa kwetu haikatizwi, wala mtu haondoki, na kila neno lake ni la kusambazwa kwa wananchi wote bila kuchelewa. Fikirini akamkumbusha Mkuu hilo pia. Kwa hiyo Sikudhani aliponong'ona kwamba mji wa mimba ukilegea damu haikomi, usugue kupitia tumbo mpaka ukaze kama ngumi, aliyelazimika kugeuka wa kwanza alikuwa Bwana Lugome na tai yake. Aligeuka akawaambia wa nyuma yake kuhusu mji wa mimba, masikio yamemwiva. Sentensi ikaenda mpaka ukutani, ikarudi imetimia. Mtoto awekwe kifuani anyonye. Ikaenda, ikarudi. Kibofu kikijaa mji haukazi, mama akojoe. Ikaenda, ikarudi. Bwana Lugome alikuwa akikanda koti lake lililokunjwa, na akaambiwa na safu ya nyuma kwamba anakanda chini mno.

Fikirini alipofikiwa na zamu ya kupokeza hakugeuka. Alibaki anamtazama mgeni rasmi.

"Na usipokaza?" aliuliza.

"Unaendelea kusugua, na wengine wanaita gari," Sikudhani alimnong'oneza. "Humwachi. Mkono hauutoi hata ukifa ganzi."

Fikirini akageuka akawapokeza wenzake, neno kwa neno.

Wanafunzi waliondoka wiki ile wakiwa wamelisikia, wote, hadi wa ukutani. Hilo lilikuwa la Sikudhani, na alilipata. Yaliyofuata yalikuwa ya serikali. Wageni rasmi ni wachache hapa kwetu, na sheria imekwisha kumpata mmoja mpya, tena mwenye hotuba zisizoumiza masikio. Gari jeusi lilimfuata chuoni, Fikirini akapangiwa kuwa msaidizi wake, na tangu siku ile mama wa watu hakulala kwake. Alizindua daraja. Alizindua kisima. Alizindua choo cha stendi, na wananchi wakalia machozi. Kila mahali alitoa hotuba ile ile, ya mji wa mimba na kusugua, ikipokezwa na viongozi waliokaa mbele, kwa hiyo leo hii wakuu wa wilaya wote wa nchi hiyo wanaweza kusimamisha damu ya uzazi, ingawa madaraja bado yanawashinda.

Mkunga aliyemzalisha binti yake Fikirini alikuwa wa safu ya nyuma. Damu ilikuja, mkono haukutoka tumboni. Mama yuko hai, mtoto yuko hai. Fikirini alipopata habari alilia ndani ya gari, Sikudhani akampa khanga ajifute.

Chuoni nako nafasi ya Sikudhani haikuachwa wazi. Aliajiriwa mkufunzi mpya, kijana hodari, mwenye koo zima. Ila ni mpya. Walimfunga utepe mwembamba wa bega hadi kiuno, akaketi kwenye kiti mbele ya wanafunzi, anawatazama, nao wanamtazama, mpaka atakapozinduliwa. Na mgeni rasmi wa kumzindua, hakuna msomaji ambaye hajamjua. Kila asubuhi Sikudhani aliuliza zamu ya chuo ni lini, na kila asubuhi Fikirini alijibu kwamba bado, Mheshimiwa, tuna soko, tuna mnara, tuna sanamu la ng'ombe.

Siku moja walikuwa wanakwenda kuzindua mzunguko wa barabara. Njia ilipita mbele ya chuo, na penye tuta gari likapunguza mwendo. Sikudhani alishusha kioo. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, kimya cha watu wengi waliokaa. Mgeni rasmi hapa kwetu hasemi na dereva, haruhusiwi. Alimwinamia Fikirini akamnong'oneza neno moja. Fikirini aliitazama ratiba iliyokuwa mapajani, akaifunika kwa mkono. Akainama mbele akampokeza dereva, na dereva, ambaye alikuwa amezisikia hotuba zote, akalirudisha nyuma kama inavyotakiwa.

"Anasema tusimame."

"Ndivyo," alisema Fikirini.

Gari likasimama. Sikudhani akafungua mlango mwenyewe, jambo ambalo mgeni rasmi halifanyi, akachukua mkasi kutoka kwenye mkoba, akashuka polepole, maana na magoti nayo yalikuwa yamechoka.